Tuchange Kabla ya Matanga: Upasuaji wa Kansa ya Titi na Kansa ya Ngozi



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mbegu, visima na mbuzi wa maziwa. Leo tuna habari nyingine, kwa maana vikundi vingi tunavyotembelea vinatuuliza swali moja: "Ni kweli kansa ikiguswa na kisu inaenea?"

Kabla ya kujibu, wacha tuwape kisa kimoja. Katika kikundi fulani upande wa Ndhiwa, mweka hazina alikuwa mama mwaminifu sana. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeshika daftari la mchango wa matanga. Mwanachama akifiwa, yeye anahesabu pesa, anatafuta hema na viti, anahakikisha wageni wamekula. Siku moja akioga alisikia kitu kigumu ndani ya titi la kushoto, kadiri ya punje ya njugu. Hakikuwa na uchungu, kwa hiyo akanyamaza. Baadaye alimwambia dada ya mumewe peke yake. Jibu alilopata ni hili: "Usikubali wakukate, wifi. Kansa ikiguswa na kisu inaamka."

Akajaribu dawa za miti shamba, mara ya kwanza na mara ya pili. Miezi kumi na moja ikapita. Alipofika hospitali, uvimbe ulikuwa umepasuka na kuwa kidonda, na kansa ilikuwa imeshafika kwenye mapafu. Mwaka uliofuata tukamzika. Kikundi kilichanga vizuri: hema, viti, ng'ombe, gari la kuleta mwili. Lakini baada ya mazishi mwenyekiti alifungua daftari lile lile la marehemu, akapiga hesabu, akasema, "Jamani, pesa ya hizi siku tatu ingelipa kile kipimo cha kwanza mara nyingi. Mbona hatukuchanga wakati ule?" Hakuna aliyejibu.

Makala hii tunaiandika kwa ajili ya swali hilo la mwenyekiti.

KANSA NI KAMA KAYONGO SHAMBANI

Kansa, au saratani, huanza wakati chembe chache za mwili zinapoacha kufuata utaratibu. Zinazaana bila kipimo, zinafanya uvimbe au kidonda, na baadaye zinasafiri kwa njia ya damu na njia ya maji ya mwili mpaka mahali pengine kama mapafu, ini na mifupa.

Mkulima wa mahindi wa Migori na Homa Bay anaijua kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau. Inashika mizizi ya mahindi chini ya udongo kabla hujaiona. Ukiing'oa kabla haijatoa maua, umeokoa shamba. Ukingoja mpaka imwage mbegu zake maelfu kwa maelfu, basi hata uking'oa mmea, mbegu zimeshalala udongoni, na msimu ujao itaota pale pale na penginepo. Sasa mtu asiyejua anaweza kusema, "Mwaka jana aling'oa kayongo, mwaka huu imeongezeka. Kumbe kung'oa ndiko kunaleta!" Sote tunajua hiyo si kweli. Mbegu zilimwagika kabla ya mkono kufika.

Na kansa ni hivyo hivyo. Kisu cha daktari hakienezi kansa. Watu wengi hufika kwenye operesheni wakati mbegu zimekwisha kumwagika mwilini. Wakifa baada ya operesheni, lawama inawekwa kwa kisu. Yule aliyepasuliwa mapema yuko sokoni anauza nyanya, na kovu lake liko chini ya nguo, hakuna anayemhesabu.

Tena, jambo kama hili tulishaliona hapa kwetu. Miaka ya 1990 wagonjwa wa Ukimwi waliambiwa ati wana chira, na kila Jumamosi tulikuwa makaburini. Mwaka 2001 dawa za ARV zilianza kutolewa bure katika hospitali ya Homa Bay, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka (MSF). Wengine waliofika wamechelewa mno walikufa, na wapo waliosema dawa ndizo zimewaua. Lakini leo tunaishi na majirani waliozimeza zaidi ya miaka 20, na wamesomesha watoto wao. Somo ni lile lile: dawa nzuri haiwezi kumsaidia mtu aliyefichwa nyumbani.

KANSA YA TITI: DALILI ZAKE

Kansa ya titi ndiyo inayowapata wanawake wa Kenya wengi kuliko kansa nyingine yoyote. Inakadiriwa kuwa katika mwaka 2022 pekee zaidi ya wanawake 7,000 nchini waligunduliwa kuwa nayo. Wanaume pia huipata, ingawa ni wachache, kama mmoja kati ya wagonjwa 100. Kwa hiyo baba, usigeuze ukurasa.

Angalia mambo haya:

- Uvimbe mgumu ndani ya titi au kwapani, hata kama hauna uchungu. Mara nyingi kansa ikiwa changa haiumi. Usingoje maumivu.
- Ngozi ya titi inayobonyea ndani, au yenye vishimo kama ganda la chungwa.
- Chuchu iliyoanza kuingia ndani, au inayotoa damu, au yenye upele usiopona.
- Titi lililovimba na kuwa jekundu au la moto, na dawa ya usaha haijasaidia kwa wiki mbili. Mama anayenyonyesha pia asidharau hili.

Tuseme na jambo la kutia moyo: uvimbe mwingi wa matiti si kansa, hasa kwa wasichana na akina mama vijana. Lakini huwezi kujua kwa kushika tu. Hata daktari mwenyewe hawezi kuwa na hakika kwa kushika tu. Hakika inatoka maabara.

KWANZA KIPIMO, HALAFU KISU

Hapa ndipo tunataka kila kikundi kielewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wengi hupotea njia.

Hatua ya kwanza, mhudumu hukagua matiti yote mawili na makwapa. Halafu unafanyiwa picha ya altrasaundi, au mamogramu, yaani eksirei ya titi, hasa kwa mwenye miaka 40 na zaidi.

Hatua ya pili ni biopsi. Daktari anatia dawa ya ganzi, anaingiza sindano maalumu na kuchukua vipande vidogo vya nyama ya ule uvimbe. Vipande hivyo vinapelekwa maabara, na mtaalamu anaviangalia kwa hadubini. Biopsi haiamshi kansa. Bila biopsi daktari ni kama mtu anayelima usiku bila taa.

Kama ni kansa, maabara inapima pia kama inalishwa na homoni za mwili. Uliza kipimo hicho kwa jina: "Daktari, kipimo cha homoni kimefanywa?" Jibu lake ndilo linaloonyesha dawa gani itafaa baada ya operesheni.

Hatua ya tatu ni kutafuta kansa imefika wapi, kwa picha ya kifua, ya tumbo na nyinginezo. Madaktari hupanga kansa kwa daraja nne. Ya kwanza na ya pili ni changa. Ya tatu imekua au imefika kwenye tezi nyingi za kwapani. Ya nne imesafiri mpaka viungo vya mbali.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu tumekutana na mama aliyetolewa uvimbe katika kliniki moja ndogo, na ule uvimbe ukatupwa. Haukupelekwa maabara. Baada ya miezi minane umerudi, na hakuna karatasi ya kuonyesha ulikuwa kitu gani. Kwa hiyo wekeni hii kama sheria ya kikundi: nyama yoyote ikitolewa mwilini, ya titi au ya ngozi, iende maabara, na karatasi ya majibu ikae nyumbani kwa mgonjwa. Usikubali kuambiwa, "Nenda tu, mama, tumeshatoa."

OPERESHENI YENYEWE

Kuna njia mbili kubwa za kupasua kansa ya titi.

Njia ya kwanza ni kutoa titi lote. Njia ya pili ni kutoa uvimbe pamoja na nyama nzima kidogo inayouzunguka, na titi linabaki. Zamani madaktari waliamini kwamba kukata sana ndiko kupona. Kuanzia mwaka 1882 daktari Mmarekani aitwaye William Halsted alikuwa akitoa titi pamoja na misuli ya kifua, na wengi walifuata njia yake kwa karibu miaka mia moja. Baadaye wataalamu wa Marekani na wa Italia walifuatilia wanawake kwa miaka 20, na mwaka 2002 wakatangaza matokeo: kwa kansa changa, aliyetolewa uvimbe tu akapata mionzi aliishi sawasawa na aliyetolewa titi lote.

Lakini angalia hayo maneno "akapata mionzi". Mama akibaki na titi ni lazima kwa kawaida apate matibabu ya mionzi, siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tatu mpaka tano au zaidi. Mashine za mionzi ziko mbali nasi, katika miji kama Eldoret, Nakuru na Nairobi. Kwa hiyo mama wa Nyatike lazima ajiulize: nitalala wapi hizo wiki zote? Nani atabaki na watoto? Wengine huchagua titi lote litolewe kwa sababu hiyo. Hilo si kosa, ni uamuzi wa mtu mzima. Kosa ni kuamuliwa bila kuelezwa. Tena ajue kuwa wengine hupewa mionzi hata baada ya titi lote kutolewa, kama uvimbe ulikuwa mkubwa au tezi za kwapani zina kansa.

Siku ya operesheni mgonjwa anapewa dawa ya usingizi; hasikii kitu. Daktari anatoa titi au uvimbe, na pia tezi za kwapani, zote au chache za kupima, kwa sababu hapo ndipo kansa hupitia kwanza. Akiamka atakuta mpira mwembamba umetoka ubavuni ukimwaga maji kwenye chupa ndogo. Asiogope. Ni maji ya kidonda, na mpira hutolewa yakipungua, mara nyingi baada ya wiki moja au mbili. Wengi huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku chache.

Kama uvimbe ni mkubwa sana au umeshikana na ngozi, daktari anaweza kuanza na dawa kali za kupitia mshipani, zile tunazoita kemo, ili upungue kwanza. Basi usilalamike, "Mbona hawanipasui haraka?" Na kama kansa imefika mbali, yaani daraja la nne, operesheni pekee haiwezi kuponya. Hapo dawa hutumika kuituliza na kupunguza maumivu, na mgonjwa bado ana haki ya kutunzwa vizuri.

BAADA YA OPERESHENI KAZI HAIJAISHA

Wengine wakitoka wodini wanadhani wamemaliza. Kumbe operesheni ni kung'oa magugu yanayoonekana. Dawa ni za zile mbegu ambazo jicho halioni. Wengine watapata kemo kila baada ya wiki mbili au tatu kwa miezi kadhaa. Nywele zitanyonyoka, na zitaota tena. Wale ambao kansa yao inalishwa na homoni watapewa tembe za kumeza kila siku, kama tamoxifen, kwa miaka mitano au hata kumi. Ni kama ARV: usiache kwa sababu unajisikia vizuri.

Mkono wa upande uliopasuliwa unaweza kukaza au kuvimba. Mgonjwa aanze mazoezi mepesi kama alivyoonyeshwa: kuinua mkono taratibu ukutani, kuchana nywele. Wiki za kwanza asibebe mtungi wa maji wala mzigo wa kuni kwa mkono huo, wala asilime. Akiumia kwenye mkono huo, hata kwa kisu cha jikoni, asafishe haraka, na ukivimba au ukiwa wa moto aende kliniki.

Sasa tuseme na wanaume kidogo. Ndugu yangu, mama wa nyumba yako akipoteza titi hajapungua kuwa mama wa nyumba yako. Nenda naye hospitali, keti naye mbele ya daktari, uliza maswali. Tumewaona wanaume waliofanya hivyo, na wake zao walimaliza matibabu. Kwa nguo, mafundi na vikundi vya akina mama wanaweza kutengeneza titi la uzi au la kitambaa laini la kuweka ndani ya sidiria. Hata ninyi mnaweza.

KANSA YA NGOZI: SI KILA KIDONDA NI KIDONDA TU

Wengi hufikiri kansa ya ngozi ni ya Wazungu. Sivyo. Hapa kwetu iko kwa namna nne, na ni vizuri kuzitofautisha.

Ya kwanza ni kwa ndugu zetu wenye ualbino. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino katika Kenya. Ngozi yao haina rangi ya kuwakinga na jua, na kansa huweza kuanza wakiwa bado vijana, usoni, masikioni, shingoni na mikononi. Huanza kama kipele kikavu au kidonda kinachopona na kurudi. Kijana kama huyo akianika omena ufuoni saa sita mchana kila siku, ngozi yake inaungua kila siku. Apewe kazi ya asubuhi au ya kivulini, kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua. Mafuta hayo hutolewa bure kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Ulizeni katika hospitali ya kaunti. Na ngozi yake ikaguliwe na mhudumu angalau mara mbili kwa mwaka.

Ya pili ni kidonda cha zamani au kovu la moto. Mtu aliungua na mafuta ya kukaanga samaki akiwa mtoto, au ana kidonda cha mguu kwa miaka mingi. Halafu siku moja kidonda kinaanza kuota nyama kama koliflawa, kinanuka, kinatoa damu. Hiyo inaweza kuwa kansa. Kidonda chochote ambacho hakijapona kwa muda wa miezi mitatu kinahitaji biopsi. Usiendelee tu kukifunga bendeji.

Ya tatu ni doa jeusi kwenye wayo, kwenye kiganja au chini ya ukucha, linalokua, lenye kingo zisizo sawa. Hii ni kali sana na husafiri haraka. Wengi wenu mnamjua mwimbaji Bob Marley. Mwaka 1977 aligunduliwa kuwa na kansa ya namna hii chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alishauriwa kidole kikatwe, akakataa. Akatolewa ukucha na nyama iliyo chini yake tu. Alikufa mwaka 1981 akiwa na miaka 36, kansa ikiwa imeenea mwilini.

Ya nne inaitwa Kaposi. Ni mabaka au vinundu vya zambarau au vyeusi miguuni, usoni au ndani ya mdomo, na hapa kwetu huwapata zaidi wenye virusi vya Ukimwi. Hii kwa kawaida haitibiwi kwa kisu. Dawa yake ya kwanza ni ARV, na ikizidi huongezwa kemo. Mwenye dalili hizi aende kliniki ya ARV leo, asiende kutafuta mtu wa kumchanja.

Kwa zile namna tatu za kwanza, operesheni ndiyo tiba kubwa. Kidonda kikiwa kidogo, mgonjwa hupigwa ganzi, hasinzii, na anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Daktari hukata kidonda pamoja na ukingo wa ngozi nzima inayokizunguka. Mtu anaweza kushangaa, "Kidonda ni kidogo, mbona amekata pakubwa?" Ni kwa sababu mizizi imepita pale macho yanapoona. Maabara inaangalia kama kingo ni safi. Kama si safi, daktari anarudia. Mahali pakiwa papana huchukua ngozi nyembamba, mara nyingi kutoka pajani, akaipandikiza juu. Kidonda kikifika mfupani, huenda ikawa ni kukata kidole au mguu. Ona basi: kilichoweza kutolewa kwa nusu saa kinakuja kugharimu mguu.

TWENDE WAPI, NA PESA ITATOKA WAPI?

Anza na dispensari iliyo karibu, au mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Omba barua ya rufaa. Kutoka hapo utaelekezwa katika hospitali ya rufaa ya kaunti, Migori au Homa Bay mjini, au hospitali ya misheni yenye daktari wa upasuaji. Wengine watatumwa Kisumu, hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, au Eldoret katika hospitali ya Moi, au Nairobi katika hospitali ya Kenyatta. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kutoka siku mama anapofika kliniki na uvimbe mpaka siku anapojua ni nini zisipite siku 60. Andikeni siku hizo kwenye daftari. Zikipita 30 bila majibu, kikundi kiende kuuliza.

Kuhusu malipo, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya SHA ilichukua mahali pa NHIF. Unajiandikisha kwa simu, *147#, au kwa msaada wa mhudumu wa afya wa kijiji. Mtu asiye na mshahara hulipa kulingana na hali ya nyumba yake, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, zikihesabiwa kwa mwaka. Matibabu ya kansa yamo, ila yana kikomo kwa kila nyumba kwa mwaka. Kwa hiyo kabla ya kuanza, nenda kwenye ofisi ya SHA hapo hospitalini, uulize: nini kinalipwa, na nini ni juu yangu? Usingoje uugue ndipo ujiandikishe.

Lakini bima hailipi matatu, chakula cha njiani, wala mahali pa mwenzako kulala Eldoret. Hapo ndipo kikundi kinaingia.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kile kikundi cha Ndhiwa kilikaa kikao kimoja kirefu. Wazee walisema mchango wa matanga ni desturi, hauwezi kuondolewa. Hakuna aliyepinga. Walichofanya ni kufungua daftari la pili, la ugonjwa. Kila mwanachama anatoa Sh50 kwa wiki. Wako 25, kwa hiyo ni Sh1,250 kwa wiki, na Sh65,000 kwa mwaka. Waliandika sheria nne:

1. Mwanachama akiona dalili, anamwambia mmoja wa akina mama wawili waliochaguliwa, na siri inakaa hapo.
2. Pesa ya nauli na ya kipimo cha kwanza inatoka ndani ya siku saba, bila kikao.
3. Mwenzake mmoja anamsindikiza kila safari, na ndiye anayeandika maneno ya daktari.
4. Mgonjwa akiwa wodini au kwenye kemo, shamba lake linapaliliwa na kikundi.

Tangu hapo wanachama watatu wamekwenda kupimwa. Wawili waliambiwa si kansa, wakarudi wakicheka. Wa tatu alikutwa na kansa ya titi, daraja la pili. Aliogopa sana, akasema atakwenda baada ya mavuno. Aliyemsindikiza alikuwa yule wifi ya marehemu mweka hazina, yule yule aliyesema kansa ikiguswa na kisu inaamka. Mara hii alimwambia, "Dada, mimi nilikosea mara moja. Mahindi yatavunwa na sisi. Panda gari." Alipasuliwa, akamaliza kemo, na sasa anameza tembe zake kila jioni. Tulipomtembelea alikuwa chini ya mti anamenya njugu, na mkono wake unafanya kazi.

Hatuwezi kuahidi kwamba kila mtu atapona. Lakini mweka hazina wetu alikuwa na miezi kumi na moja mikononi mwake, na sisi tulikuwa na pesa kwenye daftari. Vitu hivyo viwili havikukutana. Tuvikutanishe.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, watu wanasema nini juu ya kupasuliwa kansa? Tunamjua mtu aliyepasuliwa akapona? Tunaweza kumwomba aje azungumze nasi?
2. Mwaka jana tulichanga pesa ngapi kwa matanga? Na ngapi kwa mgonjwa aliye hai?
3. Ni wangapi kati yetu wamejiandikisha SHA? Nani atawasaidia waliobaki, na ni lini?
4. Kuna mtu mwenye ualbino katika familia zetu? Anafanya kazi gani juani, nasi tunaweza kubadilisha nini?
5. Nani kati yetu ana kidonda au uvimbe ambao amekuwa akiunyamazia? Usijibu hapa mbele ya wote. Mwambie mmoja leo, kabla hujalala.

Tuandikieni jinsi mlivyoamua. Mpaka toleo lijalo, kaeni salama.